Vidonge Mkobani, Ushuhuda Mdomoni

Nilisimama mbele ya kanisa letu kule mtaani Satellite, nikainua mikono yote miwili juu ya kichwa ili watu waone mgongo hauniumi tena, nikasema Bwana ameniponya. Kina mama walipiga vigelegele. Mkoba wangu ulikuwa umebaki kwenye benchi la tatu, na ndani yake, kwenye soksi kuukuu ya mtoto, mlikuwa na vidonge kumi na kimoja. Viwili nilikuwa nimeshameza kabla ya wimbo wa kwanza.

Naanzia hapo kwa sababu watu wakiniuliza nilikuwa naumwa nini, hutarajia niseme mgongo. Mgongo ulipona zamani. Ninamwandikia mtu ambaye sasa hivi pengine amejifungia kwenye choo cha ofisi akihesabu vilivyobaki, na akisikia mtu anabisha mlango anakasirika. Mambo ya kitaalamu sitakueleza, siyajui. Mimi ni karani wa kuchapa barua katika ofisi ya mawakili mjini. Nitakueleza yaliyonipata tu, na mengine hayapendezi.

Nilianguka kwenye ngazi za jengo letu. Lifti ilikuwa imekufa tangu Krismasi, mama wa usafi alikuwa amemwaga maji ya sabuni, nami nilikuwa nimekumbatia mafaili hadi kidevuni. Nikashuka ngazi saba kwa makalio. Nilicheka, hata. Kesho yake sikuweza kuvaa viatu bila mume wangu kupiga magoti.

Kama umewahi kungoja kwenye hospitali zetu unajua foleni ya benchi. Hukai ukatulia. Mmoja akiingia kwa daktari, wote mnasogea. "Sogea mama, sogea." Kwa mtu mwenye mgongo, kila kusogea ni adhabu. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye alikataa kukaa kabisa, akasimama tangu asubuhi hadi saa nane akishika ukuta, na nilimwonea wivu kwa kuwa na akili kunishinda. Miezi mitatu nilisogea kwenye mabenchi hayo, wakanipasua mvua ndefu ilipoanza, wakaniruhusu nyumbani na pakiti ya vidonge vyeupe, vidogo kuliko punje ya mahindi.

"Hivi ni vya wiki mbili," daktari aliniambia. "Ukisikia afadhali, unaacha."

Nilisikia afadhali siku ile ile. Sasa ningeacha kwa nini?

Wengi hudhani vinaleta raha. Kwangu havikuleta. Ilikuwa kama mtu amezima redio ambayo hukujua ilikuwa inapiga kelele miaka yote. Karo ya binti yangu Njeri, bosi wangu na midomo yake, mama mwenye nyumba na maji yake ya zamu, yote yalikuwepo lakini hayakuwa na sauti. Nilikaa kwenye kiti nikaangalia ukuta, na ukuta ulinitosha.

Wiki mbili zikawa miezi miwili. Cheti cha daktari kiliisha, mimi sikuisha. Nikaanza kuzunguka maduka ya dawa ya mjini wakati wa chakula cha mchana. Nilijua nani anauliza maswali na nani anaangalia tu noti yako. Nilikuwa na zamu: Jumatatu huyu, Jumatano yule, Ijumaa wa karibu na stendi. Wakiniuliza ni za nani, nilisema za mama mkwe. Lilikuwa jibu zuri. Nani atamkatalia mama mzee dawa?

Mwili uliniambia mapema. Tumbo lilifunga siku tano, sita, nikala mapapai mazima mazima bila faida. Pua iliniwasha hadi nikaikwaruza ikatoka kidonda. Siku zangu za mwezi zikakauka, nikajiambia basi, uzee umefika haraka. Sketi nilizifunga kwa pini kiunoni. Njeri alipofunga shule, akiwa kidato cha pili, aliniangalia sana mezani, akasema, "Mum, mbona macho yako iko na nukta tu? Kama ya kuku."

"Kula chakula," nikamwambia.

Siku hiyo alikuwa ameleta ripoti. Alikuwa wa pili darasani, yeye ambaye tangu darasa la kwanza alikuwa mtu wa katikati. Akaiweka mbele yangu, akasimama. Nikasema, "Vizuri," nikaikunja. Aliendelea kusimama. Nilijua anangoja nini, na nilijitafuta ndani nikitaka kumpa, lakini kulikuwa hakuna kitu. Akaenda kuosha vyombo.

Mume wangu, Baba Njeri, ni msimamizi katika kiwanda cha uchapaji. Ni mtu wa maneno machache. Alianza kuuliza kidogo kidogo. "Hizo dawa bado?" Wiki nyingine, "Daktari alisema hadi lini?" Nilimjibu kwa ukali. Ukali ulikuwa umebaki, huo vidonge havikuuzima.

Sasa nikueleze habari ya ushuhuda.

Sisi ni watu wa ushirika. Kila Alhamisi kina mama wanakutana kwa nyumba ya mmoja wao, na mwenyekiti wetu wakati huo alikuwa Mama Kioko, Mkamba mmoja mpishi wa watu wenye pesa kule Kitisuru, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mwezi wa tano zamu ilifika nyumbani kwangu, wakaja kuniombea mgongo. Walinizunguka, wakaniwekea mikono. Kesho yake nilisimama jikoni nikapika chapati ishirini, kwa sababu nilikuwa nimemeza vitatu badala ya kimoja. Chapati zikafika kwa Mama Kioko, na Mama Kioko akapiga hesabu yake.

"Mama Njeri, Alhamisi si tulikuombea?"

"Mliniombea."

"Na Ijumaa si ulisukuma chapati umesimama?"

"Nilisukuma."

"Basi Jumapili unampa Mungu utukufu! Ukinyamaza, mawe yatapiga kelele."

Nilipanga kusema kidogo tu: namshukuru Mungu, naendelea vizuri. Lakini nikiwa pale mbele nilimwona Baba Njeri upande wa wanaume, amekunja mikono, ananiangalia vile alivyokuwa ananiangalia nikifungua mkoba. Ndipo nikasema, "Hata dawa siku hizi simezi. Nilizitupa zote." Maneno hayo nilimlenga yeye. Nilitaka aache kuuliza, na kweli aliacha. Lakini mtu akisema kitu kwenye kipaza sauti hachagui nani atasikia.

Benchi la mbele alikuwa amekaa Shosho.

Shosho ni mama yake Baba Njeri. Anaishi Mutuini, kwenye shamba lake dogo la viazi, na ng'ombe mmoja. Sisi Wakikuyu binti wa kwanza anapewa jina la mama ya mume, kwa hiyo Njeri wangu ni Njeri kwa sababu Shosho ni Njeri. Na Shosho, tangu nilipojifungua, hakuniita tena kwa jina. Ananiita Mama. Ananiambia mbele za watu, "Huyu ndiye alinizaa mara ya pili, mnamwona?" Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Halafu nikaona akiwa na jambo gumu, ananiuliza mimi kabla ya kuwauliza wanawe. Presha alikuwa nayo miaka tisa, na kila mwezi alichukua vidonge vyake kliniki.

Aliposikia ushuhuda wangu aliinua mkono wake mmoja juu na machozi yakamtoka. Mimi nilimwona nikafikiri, ibada itaisha saa ngapi.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa maana. Wenye migongo waliletwa kwangu. Mama mmoja aliuchukua mkono wangu mwenyewe akauweka kwenye goti lake, "Hapa, hapa ndipo." Niliwaombea. Mdomo ulikuwa umekauka, ulimi unakwama, wao wakasema ni upako. Jameni. Nilitamani mmoja tu aniulize kwa nini natoka jasho na ni baridi, lakini ningemjibu vibaya.

Mwezi wa nane, baridi ikiwa bado, nilipata likizo ya wiki moja nikaenda Mutuini kumsaidia Shosho kuchimba viazi. Wiki hiyo ilinikuta vibaya. Wa Jumatatu alikuwa amefunga duka, na wa Jumatano alianza kudai cheti ghafla, sijui nani alimtisha. Nilifika kwa Shosho nikiwa sina kitu tangu juzi. Miguu ilitaka kukimbia na mimi nimekaa. Nilipiga miayo hadi taya likauma. Shosho alipotoka kwenda kukatia ng'ombe majani, nilimwambia, "Enda tu, nitaosha vikombe."

Sikuosha vikombe. Nilipekua kabati lake. Nilikuwa nakumbuka aliwahi kung'olewa jino akapewa dawa kali, na wazee hawatupi kitu. Nyuma ya sukari na majani chai nikapata mkebe wa mafuta ya kupikia, mdomo wake umefunikwa kwa kitambaa na kufungwa kwa uzi. Nikafungua.

Ndani mlikuwa na bahasha za kaki za kliniki, nne. Ya mwezi wa tano, ya sita, ya saba, ya nane. Zote zimejaa. Alikuwa anaenda kliniki kila mwezi, kadi inagongwa muhuri, anarudi nyumbani anaziweka hapo. Mwezi wa tano ndio ule niliosimama kanisani.

Nitasema ukweli, maana nimeamua. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumwaga zile bahasha mezani niangalie kama katikati yake kuna cha kwangu. Hakukuwa. Kilichoniudhi wakati huo ni hicho tu, kwamba zote zilikuwa za presha. Nikazirudisha, nikafunika kitambaa, nikafunga uzi kwa mkono wangu wa kushoto kama ninavyofunga kila kitu, nikakaa kwenye stuli.

Ndipo nikaelewa. Nilielewa vizuri sana, polepole. Ameacha dawa kwa sababu yangu. Mambo ya presha kila mtu anayajua: huioni ikija, halafu siku moja umeanguka. Ilikuwa ni kumwambia neno moja, Shosho, meza dawa. Lakini angeniuliza, Mama, kwenye mkebe wangu ulikuwa unatafuta nini? Nikajiambia nitasema jioni. Jioni nikajiambia kesho.

Aliingia na majani kwenye nywele. "Mama, mbona unatetemeka?"

"Ni baridi tu, Shosho."

"Hii baridi ya mwaka huu imekataa kwenda." Akaweka chai.

Tuliinywa.

Siku nne baadaye nilirudi mjini nikapata vidonge vyangu, na lile jambo la mkebe likasogea mbali. Nilikuwa nalijua. Sikulisahau hata siku moja. Lakini nikimeza, likawa kama nyumba ya mtu inayoungua ng'ambo ya bonde: moshi unauona, harufu haikufikii. Hivyo ndivyo dawa hizi zinavyofanya, na ndiyo sababu naandika. Watu watakuambia zinaharibu ini, zinaharibu tumbo. Ni sawa. Mimi zilinikalisha kimya siku kumi na saba na mtu anakufa mbele yangu.

Jirani alipiga simu asubuhi tukinywa chai. Shosho amepatikana karibu na zizi, ndoo imemwagika, mdomo umeenda upande.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi tena, mimi na Baba Njeri. Mkono wa kushoto wa Shosho haukuwa na nguvu, wauguzi walisema, na maneno hayatoki. Nilienda chooni nikameza viwili. Ndiyo, hata siku hiyo. Nikarudi nikakuta daktari, msichana mdogo tu, amemsimamisha Baba Njeri mlangoni.

"Alikuwa anameza dawa za presha?"

"Kila siku," Baba Njeri akasema. "Hakosi kliniki. Ona kadi."

Daktari akageuza kadi, mihuri yote iko. "Sasa kama anameza na bado imepanda hivi, itabidi tubadilishe, tumweke kwenye zenye nguvu zaidi." Akaanza kuandika.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake naiona kalamu. Vile viwili vilikuwa vimeanza kunishika, lile joto la shingoni, na ilikuwa rahisi sana kurudi kwenye benchi. Sijui ni nini kilisema. Si ujasiri, usinipe sifa nisiyokuwa nayo. Nadhani ni kwamba alikuwa anaandika kitu cha uongo na mimi kazi yangu miaka kumi na mbili ni kusahihisha karatasi za watu.

"Hamezi," nikasema. "Tangu mwezi wa tano."

Baba Njeri akageuka. "Umejuaje?"

"Nimeziona. Ziko kwenye mkebe, kabatini."

"Umeziona lini?"

"Nilipoenda kwa viazi."

Akahesabu siku. "Na mkebe wa mama ulikuwa unaufungulia nini?"

Uongo nilikuwa nao wa aina tatu, umekaa tayari. Nilikuwa natafuta chumvi. Nilikuwa nasafisha kabati. Yeye mwenyewe alinituma. Nikafungua mkoba nikatoa ile soksi, nikamwekea mkononi. Aliifinya, akasikia vidonge ndani. Hakuifungua. Akampa daktari, akaenda kukaa kwenye benchi. Watu walikuwa wanasogea, kijana mmoja akamwambia, "Mzee, songa," na mume wangu akasonga.

Yule daktari mdogo nitamshukuru hadi kaburini. Alibadilisha alichoandika, akamshughulikia Shosho, halafu akarudi kwangu. Hakunihubiria. Aliniuliza nameza ngapi, nikapunguza. Akaniuliza tena, nikasema ukweli. "Usiache ghafla peke yako," akasema. "Kuna kliniki. Tutapunguza polepole."

Lakini mimi kichwa changu ni kigumu. Nilitaka kumwonyesha Baba Njeri. Nikaacha zote siku hiyo hiyo, na kwa siku tatu nilijua mwili ni nini. Pua ilitiririka, chafya kumi kwa mpigo, ngozi ikatutumka kama ya kuku aliyenyonyolewa. Tumbo lililofunga miezi yote ile likafunguka lote. Miguu ilipiga teke blanketi bila ruhusa yangu. Machozi yalitoka na sikuwa na huzuni, yalitoka tu kama bomba bovu. Siku ya tatu nilimtupia Baba Njeri kikombe kwa sababu alikuwa ananywa chai kwa sauti. Akanibeba hadi kliniki, na daktari wa huko akaniuliza, "Nani alikutuma kuwa shujaa?"

Mpango ukawa hivi: vidonge vipungue kidogo kila wiki mbili, na viwekwe na mtu mwingine, mimi nisivishike. Tulidhani mtu huyo ni Baba Njeri. Akakataa.

"Mimi siwezi," akasema. "Ukilia nitakupa zote. Ukinitukana nitazitupa choo. Tafuta mwingine."

Tulikuwa hatuzungumzi vizuri wakati huo. Alilala sebuleni. Sikumlaumu, sikuwa hata na nguvu ya kumlaumu.

Shosho alitoka hospitali anatembea kwa mkongojo, mkono wa kushoto unaning'inia, maneno yanatoka mazito lakini yanatoka. Alihitaji mtu wa kukaa naye. Ofisini nilikuwa nimeambiwa niende nikapumzike bila mshahara, kwa hiyo mtu huyo nikawa mimi. Baba Njeri alitupeleka Mutuini, akatukalisha mezani, akamweleza mama yake ugonjwa wangu mbele yangu. Alisema vidonge. Alisema ushuhuda ulikuwa uongo. Alisema bahasha za kwenye mkebe zimeonekana, lakini kwamba mimi niliziona kabla hajaanguka, hakusema. Aliniangalia, akaniachia niseme mwenyewe.

Shosho alisikiliza hadi mwisho. Hakunitazama. Akasema polepole, "Lete hizo zake. Mimi nitaweka."

Ndivyo tulivyoishi. Vyangu vilikaa kwenye mkebe ule ule, kabati likatiwa kufuli, naye ufunguo akauvaa shingoni na msalaba wake. Asubuhi baada ya uji nampa vyake vya presha, anameza. Kisha ananipa changu. Na hakuamini mtu! Ananiambia, "Fungua mdomo. Inua ulimi. Huko upande." Kama mimi ni ng'ombe wa mnadani. Nikamwambia basi na yeye afungue, maana aliyeficha bahasha nne si mimi. Akafungua. Meno alikuwa nayo sita.

Mvua fupi ilikuja na kuondoka tukiwa hivyo. Kila walipopunguza nilipata siku nne mbaya na kumi za kuvumilika. Kilichonisaidia ni vitu vidogo sana. Beseni la maji moto lenye chumvi, miguu ndani. Ubavu wa ng'ombe, nilikuwa naegemea pale nikimkamua na joto lake linanituliza. Mama Kioko alikuja kila Alhamisi na nduma zilizochemshwa, na mwanamke yule wa sauti kubwa alikaa nami juani saa nzima bila kusema neno. Sijui ilimgharimu nini.

Hisia hazikurudi kama nilivyotarajia. Nilidhani nitaamka siku moja nikiwa na furaha. Ng'o! Kilichorudi kwanza ni hasira. Nilimchukia jogoo wa jirani. Wah, nilimchukia yule ndege na moyo wangu wote, na nilipokuwa nimesimama kwenye ua namtukana nikashangaa: mimi huyu, nasikia kitu!

Kabla ya Krismasi nilisimama tena kanisani. Sikushika kipaza sauti. Nikasema mwezi wa tano niliwaambia nimetupa dawa. Nilikuwa sijatupa, nilikuwa nimemeza asubuhi ile, na bado nameza kidogo kwa mpango wa daktari. Kama kuna mtu aliacha dawa zake kwa sababu yangu, arudie kumeza leo. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwenye kinanda hakujua apige nini. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na pale kilio kilikuwa kimekaa benchi la mbele na mkongojo wake, Shosho akitazama sakafu.

Nje, wakati wengine wananikwepa, mwanamke mmoja ambaye sikuwa namjua sana alinisogelea kama anataka kunisalimu. Akauliza chini chini, "Vyako vilikuwa rangi gani?"

"Vyeupe," nikasema.

Akafungua mkoba wake kidogo, nione. Vyake vilikuwa vya manjano. Tulienda kliniki pamoja Alhamisi iliyofuata, na kwa ajili yake ndipo nilianza kufikiria kuandika.

Nusu ya mwisho niliimeza Januari, jua kali, mahindi ya Shosho yamekauka yote. Alinipa, nikafungua mdomo, akaangalia. Tukakaa nje kuambua maharagwe, yeye kwa mkono mmoja, ganda moja kwa muda mrefu. Mkono ule mwingine ulikuwa kwenye paja lake, umelala. Nilikuwa nimeutazama miezi minne nikiuosha, nikiukata kucha, na nilikuwa sijasema.

"Shosho, kuna kitu sijakuambia. Nilipokuja kwa viazi, nilifungua mkebe wako. Niliona hazijamezwa. Nikanyamaza."

Aliendelea na ganda lake hadi likafunguka.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Ule uzi huwa naufunga kwa kulia. Nilikuta umefungwa kwa kushoto. Hapa nyumbani nani mwingine ana mkono wa kushoto?" Akapumzika, maneno bado yalikuwa yanamchosha. "Nikasema, Mama ameona. Kama ni kitu kibaya, atasema. Nikangoja. Hiyo jioni nikangoja, kesho yake nikangoja. Ukanywa chai, ukaenda nyumbani. Basi nikajua ni sawa. Mtoto akiona mama yake ametulia, yeye ataogopa nini?"

Nililia. Hayakuwa yale machozi ya bomba bovu. Haya yalikuwa na sababu na niliijua kwa jina, na yaliniuma kifuani hadi nikashika stuli. Shosho hakunibembeleza. Hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema, nami sijamwomba aseme. Alichukua maharagwe yaliyokuwa kwenye sahani yangu akayamimina kwenye yake, akaendelea kuyaambua.

"Umemaliza?" akauliza baada ya muda.

"Bado."

"Haya. Mimi niko."

Nilirudi kazini mwezi wa tatu. Baba Njeri alirudi chumbani baadaye kidogo, bila hotuba, na mto wake. Tulimleta Shosho Satellite akae nasi, na ng'ombe tukamwachia jirani mwenye jogoo. Mgongo huniuma siku za baridi, nakaa nao hivyo hivyo. Njeri aliponiletea ripoti ya muhula ule alikuwa wa tisa, nikampigia kelele, na msichana akatabasamu.

Asubuhi, baada ya uji, nampa Shosho vyake. Anameza, anafungua mdomo, naangalia chini ya ulimi na kila upande. Kisha anasema, "Na wewe, Mama." Mimi sina cha kumeza tena. Nafungua hata hivyo, naye anavaa miwani anachungulia.